Bei ya mafuta imeshuka, lori limekuwa mzigo: tubaki Odessa au tuhame?

BARUA

Mshauri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Sisi ni Watanzania, tunaishi Odessa, magharibi mwa Texas, na watoto wetu watatu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, zamu za usiku, na bima ya afya ya familia nzima inatoka kwenye kazi yangu. Mume wangu anaendesha lori la mchanga, ule wanaousukuma chini ya ardhi pamoja na maji ili kupasua mwamba na kutoa mafuta. Huku kazi hiyo wote wanaiita fraki. Anapakia kwenye machimbo ya Kermit na kupeleka visimani, upande wa Pecos, na mara nyingine anavuka kuingia New Mexico.

Lori si lake bado. Alilichukua kwa mkataba wa kukodi huku ananunua, kutoka kampuni ileile inayompa mizigo. Kila wiki wanamkata dola 900 za lori, 300 za trela, 250 za bima na 100 za akiba ya matengenezo. Jumla 1,550, awe amebeba au amelala. Imebaki miezi 14, halafu kuna malipo ya mwisho ya dola 18,000 ndipo apewe hati.

Alipoanza alikuwa anapata mizigo mitatu kwa siku, dola 330 kila mzigo, siku sita kwa wiki. Akicheleweshwa kisimani zaidi ya saa mbili, analipwa na muda wa kusubiri. Mwaka 2025 mafuta ghafi yalipoanza kuporomoka, kwanza yaliondolewa malipo ya kusubiri. Halafu mzigo ukashushwa hadi 270. Sasa akipata mizigo tisa kwa wiki anashukuru Mungu. Anaweza kukaa foleni machimboni tangu saa kumi alfajiri mpaka jua la mchana.

Majuzi tairi lilipasuka kwenye zile barabara za mawe meupe za kwenda visimani. Malipo ya wiki ile yalipotoka, karatasi ilisema yeye ndiye anayedaiwa na kampuni. Hakunionyesha. Niliikuta kwenye begi lake nikitafuta chaja.

Nikimwambia arudishe lori twende Dallas, ambako tuna ndugu na kazi za maghala zipo, ananijibu: "Bei itapanda. Mwaka 2020 ilishuka hadi chini ya sifuri, mbona ilirudi?" Anasema akilirudisha sasa, malipo yote ya nyuma yamekwenda na maji. Wenzake kwenye kundi lao la WhatsApp wanatiana moyo hivyohivyo: vumilia, kaka.

Nyumba tulinunua 2023 kwa dola 285,000, mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali. Kibaha tuna msingi uliofika linta, fundi anataka hela ya mbao na bati. Mama mkwe anategemea dawa za presha na sukari kila mwezi. Na wifi yangu alinipigia akicheka, EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Tanzania, imetangaza bei mpya na petroli imeshuka, "ninyi mnaoishi kwenye mafuta si ndiyo mnakula raha?" Nilikosa la kumjibu.

Nimshinikize? Niondoke na watoto, yeye abaki na lori lake? Au nikae kimya nisubiri bei pamoja naye? Sitaki ndoa ivunjike kwa sababu ya mchanga.

*Mama Watoto, Odessa*

JIBU

Dada yangu, pole. Ahsante pia kwa kuandika tarakimu, maana kwenye jambo hili zinasema mengi kuliko sisi.

Umeuliza kuhusu mji, mbaki au mhame. Lakini nikisoma barua yako naona kinachowabana kila wiki ni mkataba wa lori, na kinachokuumiza zaidi ni ile karatasi iliyofichwa begini. Hayo si mambo ya Odessa. Mnaweza kuhamia Dallas nayo yote mawili.

Tuanze na lori. Tuseme kwenda na kurudi ni maili 130, na lori linakwenda maili sita kwa galoni. Kila mzigo unakula kama galoni 22 za dizeli. Dizeli ikiwa dola 3.80, mzigo wa dola 330 ulimwachia kama 246. Mara mizigo 18, toa 1,550, alirudi na dola 2,900 hivi kwa wiki kabla ya kodi. Sasa dizeli tuseme imefika 3.30. Anaokoa dola 11 kwa mzigo, lakini mzigo wenyewe umepunguzwa dola 60. Unamwachia 197. Kwa mizigo tisa ni 1,773, na ukitoa makato zinabaki kama dola 220. Mizigo minane ya kwanza ya kila wiki ni ya lori, yeye anafanyia kazi mzigo wa tisa. Tairi moja linaumeza.

Hilo ndilo jibu la wifi yako pia. Yeye ananunua mafuta, ninyi mnauza jasho kwenye uchimbaji wake. Bei ileile inayomfurahisha Kibaha ndiyo inayomfanya meneja wa kampuni ya mafuta Midland, mji wa jirani yenu, afute kisima kwenye mpango wa mwaka. Usimkasirikie, hajui, na hapaswi kujua.

Sasa hoja ya shemeji, kwamba bei itapanda. Inawezekana kabisa, historia ya mafuta ni kupanda na kushuka. Ningemuuliza kwa upole mambo mawili tu.

La kwanza, kwa nini anakumbuka 2020 na si 2014? Mwaka 2020 dunia ilifungwa kwa korona, mafuta yakakosa pa kuwekwa, na tarehe 20 Aprili pipa la Texas likafungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Watu walipotoka ndani, mahitaji yalirudi, na baada ya mwaka hivi bei ilikuwa juu ya dola 60. Halafu wakati ule hata dereva wa kujitegemea, wa karatasi ya kodi ya 1099, alipata posho ya dharura ya serikali. Leo dereva wa 1099 akikosa mizigo hana mfuko wa kutokuwa na kazi wa kumkimbilia. Mwaka 2014 ilikuwa habari nyingine: mafuta yalikuwa mengi mno, na Novemba OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, ikakataa kupunguza uzalishaji. Pipa lililovuka dola 100 katikati ya mwaka ule lilifika 26 Februari 2016, na halikuziona tena dola 100 mpaka 2022. Mwaka 2025 OPEC na washirika wake walikuwa wakiongeza mapipa tangu Aprili, na pipa lililofika karibu na 80 katikati ya Januari liliteremka hadi chini ya 60. Kwa jicho langu hii inafanana zaidi na 2014.

La pili ndilo zito, na kwenye makundi ya WhatsApp halizungumzwi sana. Tuseme bei imerudi. Kazi yake itarudi nayo? Oktoba 2014 Marekani ilikuwa na rigi 1,609 zinazochimba mafuta, ikitoa mapipa kama milioni 9 kwa siku. Mwaka 2025 rigi zilikuwa kama 400 na kitu, na mapipa yalipita milioni 13. Mafuta zaidi, watu wachache. Kila mteremko wa bei unazifundisha kampuni kufanya kazi na mikono michache, na bei ikipanda haziisahau elimu hiyo.

Kwenye mchanga hasa jambo hili linaonekana kwa macho. Kutoka hapo Kermit, tangu mwanzo wa 2025, kuna mkanda wa umeme wa maili 42 unaopeleka mchanga mpaka kaunti ya Lea, New Mexico. Malori sasa yanaupokea mwisho wa mkanda kwa safari fupi. Mwaka huohuo malori yasiyo na dereva yalianza kubeba mchanga kwenye barabara binafsi za visima. Sisemi kesho madereva wote watakosa kazi. Kisima kimoja chenye tawi linalolala chini ya ardhi kwa maili mbili hula pauni milioni 20 za mchanga hivi, na lori hubeba kama 47,000, kwa hiyo ni safari 400 na ushei kwa kisima kimoja. Ndiyo maana kikosi kimoja cha fraki kikiegeshwa, foleni ya machimboni inarefuka wiki hiyohiyo. Lakini safari hizo ndizo kila mtu anatafuta njia ya kuzipunguza.

Nawe pia, dada, naomba nikuulize. Dallas unaiona kama mlango wa kutokea. Ghala hulipa kwa saa, na bima ya ghala huenda ikachelewa au ikawa ghali kuliko yako. Cheti chako cha usaidizi wa uuguzi kinatambulika Texas nzima, hilo ni jema, ila bima ya watoto isikatike katikati. Na nyumba: kwa mkopo wa FHA wa 2023 mliolipa asilimia 3.5 mwanzoni, mnadaiwa bado pengine 274,000 hivi. Gharama za kuuza hula asilimia sita au zaidi. Hata mkipata bei ileile mliyonunulia mtatoka mmepungukiwa elfu kadhaa, na mnauza wakati jirani naye anauza. Kuipangisha kunaruhusiwa baada ya mwaka mmoja wa kuishi ndani, lakini mtapoteza msamaha wa kodi ya makazi, na kodi ya pango Odessa huanguka watu wa visima wakiondoka. Usiseme pia kwamba hospitali haiguswi. Hospitali za umma huku zinaweza kuishi kwa sehemu ya kodi ya mauzo, na kodi hiyo inapungua hoteli na migahawa zikikaa tupu. Hata hivyo wagonjwa hawafuati bei ya pipa. Kati yenu wawili, wewe ndiye mwenye mshahara unaotabirika, na mji unaotaka kuuhama ndio unaokupa.

Kwa hiyo zipi njia?

Moja ni kubaki na lori, lakini si kwa masharti ya zamani. Bei ikiwa mbaya, uwanja wa kampuni hujaa malori yaliyorudishwa, na lori lililoegeshwa haliwaingizii kitu. Hapo shemeji ana nguvu kidogo ya kuomba: makato yasimame wiki ambazo hakupewa mizigo, au ya lori yawe kwa kila mzigo badala ya kila wiki. Wakikubali, iandikwe na kusainiwa. Ahadi ya mgawa mizigo kwenye simu si kitu. Hatari ni kwamba makato yaliyosimama husogezwa mbele tu na miezi 14 ikawa 18.

Anaposema malipo ya nyuma yatapotea, namwelewa, inauma. Lakini hayo yamelipwa, abaki au aache. Kinachohesabika ni mbele: wiki 60 hivi kwa dola 900 ni 54,000, ongeza 18,000, ni 72,000. Akakague lori la mwaka huo na maili hizo linauzwa kiasi gani leo. Likiwa 80,000, kuna sababu ya kung'ang'ana. Likiwa 45,000, anajilipisha 27,000 za ziada ili asikubali hasara. Sijui lipi ni kweli. Mnaweza kulijua jioni moja kwenye matangazo ya malori yaliyotumika.

Njia nyingine ni kulirudisha. Hapa watu huumia kwa kukosa utaratibu. Shemeji asilitelekeze barabarani au kwenye kituo cha mafuta: kutelekeza huandikwa kwenye ripoti ya DAC, rekodi ya kazi ya madereva, na kampuni inayofuata itaisoma. Asome kwanza kifungu cha kuvunja mkataba mapema, kuna faini au hakuna. Alioshe lori, apige picha kila upande, matairi, ndani na namba ya maili, alipeleke mwenyewe uwanjani na aondoke na karatasi iliyosainiwa. Kama anabeba mizigo inayovuka mpaka wa jimbo, sheria za shirikisho zinaitaka kampuni impe hesabu ya akiba ile ya dola 100 na kurudisha kilichobaki ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha. Wataitafutia makato, ndiyo maana ya picha. Zile safari za New Mexico zina thamani hapo. Atunze risiti zake. Na mjue kwamba mikataba ya aina hii ina sifa mbaya kuliko yeye: kikosi maalumu kilichoundwa na serikali kuichunguza kilipendekeza Januari 2025 ipigwe marufuku. Mwambie hilo. Wanaume wengi wanadhani wao ndio wazembe.

Ya tatu ni abaki Permian, yaani eneo hilo lenu la mafuta, lakini aondoke kwenye mchanga. Kampuni zinapositisha visima vipya, vya zamani haviachi kutoa mafuta. Katika uchunguzi wa mwaka 2025 wa tawi la Dallas la Benki Kuu ya Marekani, kampuni zilisema kisima kipya kinahitaji wastani wa dola 65 kwa pipa ili kilipe, lakini kilichokwisha kuchimbwa kinagharimia uendeshaji wake kwa dola 41. Na kila pipa la mafuta huku hutoka na mapipa matatu au manne ya maji ya chumvi ambayo lazima yaondolewe. Mabomba yamechukua kazi kubwa, lakini malori ya maji na ya mafuta ghafi yapo bado. Kwa tangi anahitaji alama ya N kwenye CDL, leseni yake ya magari makubwa, ni mtihani wa maandishi tu. Kwa mafuta ghafi anahitaji na H, alama ya mizigo hatari, ambayo ina alama za vidole na ukaguzi wa usalama, basi aanze mapema. Kama anafikiria safari ndefu za majimboni, ajue tangu Juni 25, 2025 askari wa barabarani wanapima Kiingereza na wanaweza kumsimamisha palepale. Kazi ya kuajiriwa, ya W-2, itaonekana ndogo kwa mtu aliyezoea dola 2,900. Lakini mwajiri analipa nusu ya kodi ya jamii, lori likiharibika si lake, na akipunguzwa ana haki ya kuomba posho ya kutokuwa na kazi.

Yeye atangulie kazini sehemu nyingine, wewe na watoto mbaki mpaka shule zifungwe mwishoni mwa Mei? Hilo nalo lipo, na lina gharama ya nyumba mbili na upweke. Tofauti yake na "niondoke na watoto" ni moja: hili mmelipanga pamoja, lile amelikuta mlangoni.

Njia yoyote ile, kuna ya kufanya mwezi huu. Muulize kuhusu kodi ya serikali. Mtu wa 1099 anadaiwa asilimia 15.3 ya kujiajiri juu ya kodi ya mapato, kwa awamu, na ya mwisho ya kila mwaka ni Januari 15 inayofuata. Kama ile miezi ya neema haikulipiwa, kuna deni linawasubiri Aprili. Mkiona mkopo wa nyumba utayumba, pigeni simu kwa mkopeshaji kabla ya kukosa mwezi wa kwanza. FHA ina taratibu za nafuu, na wanaoomba mapema husikilizwa vizuri zaidi. Dawa za mama mkwe zisiguswe. Kibaha mwambieni fundi asimame kwenye linta, afunike juu ya kuta kwa chokaa ya saruji mvua isiingie kwenye tofali, na nondo zilizochomoza azipake saruji zisile kutu. Ukuta unaweza kuwasubiri. Na kuanzia Januari 2026, kutuma pesa nje kwa noti taslimu kuna kodi ya asilimia moja. Tumeni kutoka akaunti ya benki.

Imebaki karatasi ya begini. Mwanaume aliyefanya kazi wiki nzima akaambiwa anadaiwa anabeba aibu, na aibu ya kwetu hukaa kimya. Usijifanye hukuiona, atakuja kujua. Usilianzishe siku ya malipo wala asubuhi wewe umetoka zamu huna usingizi. Mkiwa mmeshiba na watoto wametoka, mwambie uliikuta, na kwamba hukumhesabia kosa. Halafu badala ya kumwambia arudishe lori, muulize aweke alama yeye mwenyewe: mizigo mingapi kwa wiki, kwa wiki ngapi, na akiba ibaki kiasi gani ndipo aseme imetosha. Iandikeni. Mtu anayengoja bei bila tarehe anaweza kungoja mpaka nyumba iuzwe, lakini mwenye tarehe aliyoiweka mwenyewe hahisi kwamba ameshindwa na mkewe. Huenda alama yake ikakushangaza kwa kuwa karibu kuliko ulivyofikiri. Huenda ikawa mbali, nawe ukahitaji kusema ya kwako.

Ukituandikia tena, nakili kile kifungu cha kurudisha lori mapema neno kwa neno, na useme ile akiba ya matengenezo imefika ngapi kwenye karatasi yao. Bila hayo mawili hakuna anayeweza kukuambia kulirudisha kutawagharimu kiasi gani.